Karatasi ya Pili: Uchaguzi wa Wabunge Chini ya Kivuli cha Uchaguzi wa Rais

Katika uwanda wa kati wa Tanzania mwezi wa Oktoba ndio mwezi wa vumbi. Mvua ya mwisho imekwisha sahauliwa, upepo wa Dodoma unavuma mchana kutwa, na wakulima, kuanzia Bahi hadi Mpwapwa, wamo mashambani wakiberega, yaani wakifyeka vichaka na kuchoma mabua makavu ili mvua ya Desemba iwakute tayari. Ghala za mtama na uwele zimepungua. Ni katika mwezi huo, kila baada ya miaka 5, watu hao hao huamka kabla ya alfajiri, wakanawa uso kwa maji machache waliyochota kwa taabu, wakaenda kujipanga mbele ya darasa la shule ya msingi, ambamo karani humkabidhi kila mmoja karatasi 3: ya kwanza ya Rais, ya pili ya mbunge, ya tatu ya diwani.

Nimesimama katika vituo vya namna hiyo zaidi ya mara moja, na jambo moja nimelishuhudia kila mara. Ile karatasi ya kwanza mpiga kura huitazama; huikunjua, huisogeza penye mwanga wa dirisha, huutafuta uso anaoujua, kisha hutia alama yake kwa uangalifu. Ile ya pili huikunja upesi, kwa kuwa shauri lake amekwisha kulikata alipoitazama ya kwanza. Katika kituo kimoja cha kijijini, mzee aliyekuwa mbele yangu alizishika karatasi zake zote mkononi akamwuliza karani kwa upole, "Mwanangu, hawa si wamoja?" Naye karani akajibu kwa adabu, "La, mzee wangu, hawa ni watu mbali mbali. Kila mmoja na sanduku lake."

Swali la mzee yule ndilo nitakalo kulichambua hapa, kwani lina uzito kuliko alivyodhani karani. Je, Rais na mbunge, wanapochaguliwa kwa siku moja na kwa mkono mmoja, hubaki watu mbali mbali? Au ile siku moja huwageuza kuwa wamoja, hata yule aliyetumwa kumsimamia mwenzake akaingia katika ukumbi wa Bunge akiwa amekwisha kumwia deni?

Tuanze na sheria, kwa maana wengi hudhani kwamba siku hizi mbili zimekutanishwa kwa sababu ya kubana matumizi tu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara yake ya 38, yasema kwamba kiti cha Rais kitakuwa wazi Bunge litakapovunjwa. Maana yake ni kubwa. Umri wa Bunge na umri wa madaraka ya Rais umefungwa fundo moja, na Rais atakayelivunja Bunge kabla ya wakati wake, kwa mojawapo ya sababu chache zinazotajwa na ibara ya 90, atakuwa amejivua na yeye mwenyewe joho lake, na itampasa arudi kwa wananchi pamoja na wabunge aliowafukuza. Waliotunga sharti hilo walikusudia jema, na lazima tulikiri: walitaka Rais afikiri mara mbili kabla ya kulitisha Bunge kwa fimbo ya kulivunja. Lakini fundo hukaza pande zote mbili. Maadamu Bunge haliwezi kufa bila ya Rais kwenda nalo uchaguzini, basi haliwezi vile vile kuzaliwa bila ya yeye, na hakuna siku hata moja katika miaka 5 ambapo wananchi wa nchi nzima huulizwa habari za wabunge peke yao.

Ili tuone kwamba hali hii si ya lazima, yafaa tutazame jinsi jambo hili lilivyokuwa mwanzoni mwa karne ya 20 katika nchi iliyokuwa na uzoefu mrefu wa kumchagua Rais na wabunge pamoja, nayo ni Marekani. Mwaka 1912 chama cha Republican kiligawanyika baina ya Rais aliyekuwa madarakani, William Taft, na Rais aliyemtangulia, Theodore Roosevelt. Mtengano wao ukampa ushindi Woodrow Wilson wa chama cha Democratic, ambaye alipata kura chini ya nusu ya kura zote za wananchi, lakini akazoa wajumbe 435 wa kumchagua Rais, ilhali Roosevelt alipata 88 na Taft 8 tu. Pamoja naye waliingia wabunge wengi mno wa chama chake, wengine katika majimbo ambayo hawangeyapata kamwe lau wapinzani wao wasingaligombana kileleni. Hapo karatasi ya Rais iliivuta ya mbunge kama kichwa cha treni kivutavyo mabehewa.

Ila Wamarekani waliweka katika kalenda yao kitu ambacho sisi hatukukiweka. Baraza lao la Wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka 2 na Rais kila baada ya miaka 4, kwa hiyo kila uchaguzi wa wabunge ulio pamoja na ule wa Rais hufuatwa na mwingine ulio peke yake. Mwaka 1916 Wilson alirudi Ikulu kwa tofauti ndogo, na katika Baraza chama chake kikapitwa kidogo na Republican, hata Spika Champ Clark akabakia kitini kwa msaada wa wabunge wa vyama vidogo. Mwaka 1918, Rais alipowasihi wananchi wampe Bunge la chama chake, wananchi walimnyima, na mabaraza yote mawili yakaenda upande wa pili. Sihukumu kama walifanya vema au vibaya. Nasema tu kwamba waliulizwa, wakajibu.

Na huku kwetu? Mwaka 1912, Wilson alipochaguliwa, reli ya kati ya Wajerumani ilikuwa imekwisha kuipita Dodoma, ilikofika mwaka 1910, nayo ikawasili Tabora. Mwaka 1916, miezi michache kabla ya Wilson kuchaguliwa tena, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai, na Wagogo, wenyeji wa hapa, wakabadilishiwa mtawala pasipo mtu kuwauliza neno. Miaka 2 baadaye ikaja Mtunya, ile njaa kuu ya 1918 hadi 1920, ambayo mifugo na nafaka iliyokwisha kuchukuliwa na majeshi ya pande zote mbili iliitayarishia njia. Waingereza walipoanzisha Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926, wajumbe wake wote waliteuliwa na Gavana, wala hakuwamo Mwafrika hata mmoja mpaka mwaka 1945, walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Wenyeji wa uwanda huu walikuwa na watemi wao, ambao daraja yao ilitokana na ukoo na dhamana ya mvua. Mtu alimheshimu mtemi au alimhama, lakini hakumpigia kura.

Kwa hiyo uchaguzi ulipokuja ulikuja kwa haraka, na tayari ukiwa umefungamana na masharti. Katika mkutano wa chama cha TANU uliofanyika Tabora mwezi wa Januari 1958, hoja kubwa ilikuwa kura tatu: kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na tena sharti awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo. Mwalimu Julius Nyerere, kiongozi wa chama, aliushawishi mkutano ukubali kushiriki uchaguzini. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa, akaunda chama chake cha African National Congress. Napenda msomaji amweke Mtemvu akilini.

Mwaka 1960 uchaguzi ulifanyika tena, na TANU ikapata viti 70 kati ya 71, ambapo 58 kati ya hivyo vyote havikuwa hata na mpinzani. Bunge hilo ndilo lililopokea Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kisha nchi ikaamua kuwa Jamhuri, na tarehe 1 Novemba 1962 wananchi wakamchagua Rais wa kwanza. Tazama sasa: uchaguzi huo ulikuwa wa Rais peke yake. Wabunge wa 1960 waliendelea kukaa katika viti vyao. Waliosimama walikuwa wawili, Mwalimu na yule yule Mtemvu. Mwalimu alipata kura zaidi ya 1,120,000, na Mtemvu akapata 21,000 na ushei. Wananchi waliulizwa swali moja, wakalijibu wazi wazi, wala hakuna mbunge aliyeingia au kutoka kwa sababu ya jibu hilo. Desemba ya mwaka huo Mwalimu aliposimikwa, Mtemi Mazengo wa Ugogo, mzee aliyeona utawala wa Wajerumani na wa Waingereza, alikuwa miongoni mwa wazee walioshiriki katika kumvika heshima za utawala kwa desturi za wenyeji. Utemi wenyewe ulikuwa katika siku zake za mwisho.

Uchaguzi wa kwanza uliowakutanisha Rais na wabunge ulikuja Septemba 1965, nao wastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kwa sababu haufanani kabisa na ule tulio nao leo. Tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa ilikuwa imepewa kazi ya kutafuta namna ya kuendesha demokrasia chini ya chama kimoja, na Katiba ya Muda ya 1965 ikatoa jibu. Katika karatasi ya Rais palikuwa na jina moja, na mpiga kura alijibu ndiyo au hapana. Lakini katika karatasi ya mbunge palikuwa na majina mawili, ya wanachama wawili wa TANU waliopitishwa na Halmashauri Kuu. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma aweze kuchagua. Walizunguka pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakasikilizwa na watu wale wale. Walikatazwa kuchochea kabila, dini au rangi, na walikatazwa pia kudai kwamba mmoja wao ndiye apendwaye na Rais.

Katazo hilo la mwisho ndilo ninalolistaajabia zaidi. Mwalimu alikuwa na heshima ambayo hapana mgombea asiyetamani kujifunika nayo, na siku ya kura ilikuwa moja, na chama kilikuwa kimoja. Mambo yote yalikuwa tayari kwa mbunge kumezwa na Rais. Walakini sharti lile lilimtoa mbunge chini ya kivuli, likamweka juani akiwa na jembe lake au nyumba yake tu. Matokeo yalionekana. Mwalimu alipata ndiyo kwa kiasi cha 96 katika kila 100, na wakati ule ule wananchi waliompa ndiyo walimkataa waziri wake wa fedha, Paul Bomani, katika jimbo lake la Mwanza, na wabunge wengi waliokuwa kitini wakaangushwa. Raia mmoja, kwa siku moja, alisema ndiyo kwa Rais na hapana kwa waziri wa Rais, wala hakuona mgongano.

Sisemi kwamba zile zilikuwa siku njema kupita hizi. Karatasi ya Rais isiyo na mshindani ni karatasi yenye upungufu mkubwa, na mtu kama Mtemvu hakuwa na mahali tena. Nasema kwamba taratibu zile ziliijali karatasi ya pili, na hilo ndilo tulilolipoteza tulipoipata ya kwanza.

Vyama vingi viliporudishwa kwa sheria mwaka 1992, mpiga kura alirudishiwa hiari ya kumchagua Rais. Mwezi wa Julai 1995 macho ya nchi nzima yalielekezwa Dodoma, katika ukumbi wa Chimwaga, ambako chama tawala, CCM, kilimpitisha Benjamin Mkapa kugombea urais baada ya ushindani mkali na Jakaya Kikwete. Na tangu hapo mashindano ya urais yakawa ndiyo uchaguzi wenyewe katika vinywa vya watu. Siku ya kura, tarehe 29 Oktoba, Mkapa alipata karibu asilimia 62, na wagombea ubunge wa chama chake wakapata jumla ya asilimia 59 au karibu yake. Lakini viti vya majimbo walivyotwaa vilikuwa 186 kati ya 232, yaani 8 katika kila 10. Mwaka 2005 Kikwete alipata asilimia 80, wabunge wake 70, na majimbo 206 kati ya 232. Mwaka 2015 John Magufuli alipata asilimia 58, na wabunge wa chama chake 55. Msomaji azitazame tarakimu hizo kwa mfuatano. Kila mara mgombea urais yu mbele, na wabunge wanafuata nyuma yake kwa hatua chache. Si chama kinachombeba Rais, Rais ndiye akibebaye chama, kisha hesabu ya jimbo kwa jimbo, ambayo humpa mwenye kura nyingi kiti kizima na kumnyima wa pili kila kitu, humalizia kazi.

Yako mambo mawili yaliyotokea ambayo, kwa maoni yangu, yanaonyesha ubaya wa fundo hili kuliko tarakimu. La kwanza ni la mwaka 2005. Siku chache kabla ya tarehe 30 Oktoba alifariki dunia Jumbe Rajab Jumbe, mgombea wa Umakamu wa Rais wa CHADEMA, na kwa hiyo uchaguzi wa Muungano ukaahirishwa mpaka tarehe 14 Desemba. Sheria ilikuwa na haki ya kumstahi marehemu na chama chake. Lakini kila mgombea ubunge, kutoka Kondoa hadi Kongwa, akangojeshwa pia, kwa kifo kisichohusiana na jimbo lake. Ambapo akifa mgombea ubunge, kama ilivyotokea mwaka 2015 katika majimbo kadhaa, likiwamo la Arusha Mjini, husimamishwa uchaguzi wa jimbo lake tu. Rais anaweza kumsimamisha mbunge. Mbunge hawezi kumsimamisha Rais.

La pili ni la Zanzibar, tarehe 28 Oktoba 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alipoufuta uchaguzi wa Rais wa Zanzibar na wa Wawakilishi, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016 huku chama cha CUF kikiususia. Wazanzibari wale wale, katika siku ile ile, walikuwa wamepiga kura za Rais wa Muungano na za wabunge wa Muungano, nazo zikasimama kuwa halali. Kumbe basi kura zilizopigwa pamoja zaweza kutenganishwa, pale wenye madaraka wanapotaka zitenganishwe.

Hapana budi nilete hoja ya upande wa pili, na ni hoja yenye nguvu. Jirani zetu wa Uganda walizitenganisha siku hizi: mwaka 1996 walimchagua Rais mwezi wa Mei na wabunge mwezi wa Juni, na mwaka 2001 wakamchagua Rais Machi na wabunge Juni, mpaka walipoziunganisha mwaka 2006. Je, wabunge wao walikuwa huru zaidi? Haielekei. Uchaguzi wa wabunge ukija wiki chache baada ya Rais kutangazwa, watu hukimbilia upande wa mshindi, na mgombea wa jimboni hunadi ukaribu wake na Ikulu kuliko kitu kingine. Kinyume chake, Kenya mwaka 1992 walipiga kura zote kwa siku moja, na Daniel arap Moi akashinda kwa asilimia 36 tu, ilhali chama chake cha KANU kilipata viti 100 kati ya 188 vilivyogombewa. Huko karatasi mbili ziliachana, ijapokuwa si kwa njia ya kupendeza. Basi kutenganisha kwa wiki chache hakuleti dawa. Kinachohitajika ni masafa ya miaka, kama yale yaliyomkuta Wilson mwaka 1918.

Wala tusiitupie siku yenyewe lawama yote. Nyuma ya siku kuna chama, na hapa Dodoma ina historia yake ambayo ni aibu kuisahau. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi katika Mahakama Kuu mjini Dodoma akidai, pamoja na mambo mengine, haki ya raia kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mwezi wa Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alitoa hukumu iliyokubali kwamba raia anayo haki hiyo. Kabla ya mwaka kwisha Bunge lilirekebisha Katiba ili kuifunga njia ambayo Jaji alikuwa ameifungua. Mtikila hakuchoka, alirudi mahakamani, akashinda tena katika Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, na mwezi wa Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikatamka kwamba katazo lile linavunja haki. Katazo lingalipo.

Nini uhusiano wa kesi hiyo na karatasi ya pili? Ni huu. Mbunge hawezi kugombea ila kwa chama. Akifukuzwa na chama hupoteza kiti. Na katika chama kinachotawala, mwenyekiti ndiye Rais. Fauka ya hayo, viti maalumu vya wanawake hugawanywa kwa kila chama kulingana na kura zake za ubunge, na orodha ya majina huandaliwa na chama. Mtu aliyepita njia hiyo yote, tangu kupitishwa hadi kuapishwa, kisha akatakiwa kusimama katika ukumbi wa Dodoma na kumwuliza Waziri Mkuu swali gumu, twamtwisha mzigo ambao wachache huweza kuubeba.

Ndiyo sababu, katika majimbo ya uwanda huu ambako CCM imekita mizizi tangu enzi za TANU, ushindani wa kweli umehama kutoka Oktoba na kwenda katika kura za maoni za chama. Mwaka 2010, katika jimbo la Mtera, John Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1990 hadi 1994 na mzee mwenye jina kubwa kuliko wote Ugogo, aliangushwa katika kura hizo na Livingstone Lusinde. Tukio lile lilikuwa na ladha ya 1965: wanachama walimpenda Rais wao, na papo hapo wakambadilisha mbunge wao. Tofauti ni kwamba mwaka 1965 kila mwenye kadi ya kupigia kura alishiriki; katika kura za maoni hushiriki wenye kadi ya chama, na uamuzi wa mwisho hubaki kwa vikao vya juu.

Mwaka 2020 CCM ilitwaa majimbo 256 kati ya 264. Na tarehe 29 Oktoba 2025 fundo lilikazwa kupita kiasi. CHADEMA haikutia saini kanuni za maadili ya uchaguzi, ikidai marekebisho kwanza, na kwa kukosekana saini hiyo moja chama kilifungiwa milango yote kwa pamoja: hakikuwamo katika karatasi ya Rais, wala ya mbunge, wala ya diwani. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa kupata karibu asilimia 98. Siku ile na zilizofuata zilikuwa siku za ghasia na vifo, na nyumba nyingi zingali katika msiba. Tarakimu ile ni kubwa kuliko hata aliyoipata Mwalimu mwaka 1965, lakini jembe na nyumba havikuwapo.

Nisemeje basi, nikiwa nimeyapima haya yote? Naona kwamba sharti la Rais kuondoka pamoja na Bunge alilolivunja libaki, kwani ni kinga ya Bunge. Lakini wabunge wachaguliwe katikati ya muhula wa Rais, miaka miwili na nusu mbali naye, ili mwananchi wa Chemba au wa Kibakwe apate siku moja ya kumtazama mbunge wake uso kwa uso, pasipo picha ya mtu mwingine juu ya kichwa chake. Najua litakalosemwa mintarafu ya gharama; uchaguzi ni ghali, na fedha hizo zingechimba visima vingi katika nchi hii kame. Nami najibu kwamba visima vingi hukosekana kwa sababu mbunge wa kuvidai hajapata kuulizwa kwa nini havikuchimbwa. Na mgombea huru aruhusiwe, kama alivyoamua Jaji Lugakingira katika mji huu huu.

Maoni ya namna hiyo yalikwisha kukusanywa kwa wananchi. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilitaka mgombea huru aruhusiwe, mawaziri wasiwe wabunge, na wapiga kura wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wake kwisha. Rasimu hiyo ililetwa Dodoma mbele ya Bunge Maalumu la Katiba, lililokaa kuanzia Februari hadi Oktoba 2014, nalo likatoa Katiba Inayopendekezwa, ambayo iliyaacha baadhi ya mambo hayo na kuyakubali mengine, likiwamo la mgombea huru. Wananchi walipangiwa kuipigia kura tarehe 30 Aprili 2015, katika siku ya peke yake isiyo na mgombea yeyote. Kura hiyo haijapigwa hadi leo.